Kizingiti cha Talaka ya Tatu

Mguu ule bado uko juu.

Ninyi wasomaji mmekula, mmelala, mmeamka mara saba, na mtoto wa watu bado kasimama kwa mguu mmoja mlangoni kwao Mtopanga, begi la shule mgongoni, mkono umeshika mwimo. Nilimwacha hivyo makusudi. Wengine mmenipigia simu kunitukana, nami nimewasikia.

Kwa aliyetufikia leo, huyo ni Mahfoudha, mwenye miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha pili. Barabarani anangojwa na Mwalimu Valarie, aliyeahidi kumfikisha kwa afisa wa watoto. Na nyuma yake sebuleni amesimama baba yake, Abdulhakim, ambaye kiapo kimemtoka sasa hivi na mate bado yako mdomoni:

"Ukivuka kizingiti hicho kabla sijakuoza, mamako kaachika! Talaka ya tatu! Wallahi nimeapa!"

Mguu ukarudi ndani.

Hakuurudisha kwa kumwogopa baba. Mahfoudha anazijua talaka za mama yake, Bi. Kafedha, kuliko anavyozijua hesabu za darasani. Ya kwanza ilitoka kwa sababu Bi. Kafedha alikataa kuacha kuuza mbaazi na mahamri. Ya pili ilitoka kwa kumjibu wifi yake. Zote mbili alirejewa kabla eda haijesha. Ya tatu haina marejeo.

Na akiachika ataelekea wapi? Siku Kafedha aliposilimu akaolewa, baba yake, Mzee Changawa wa Kaloleni, alimwambia asirudi hata akiwa jeneza. Mzee yule hajawahi kulirudi neno lake.

"Enhe!" akasema Bi. Noor, dada yake Abdulhakim, akimvuta msichana kwa mkanda wa begi. "Mwari hatoki nde. Keti!"

Akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia kifuani. Najua mtaniuliza mlango wa nyuma. Nyumba ile ina mlango mmoja. Madirisha je? Yana vyuma.

Na haya yote yalianza kwa video ya sekunde kumi na tano. Mahfoudha alicheza ngoma nyumbani kwa rafiki yake Lynnette, bila mtandio, akicheka. Bi. Noor alionyeshwa video hiyo kwenye arusi ya watu, mbele ya wanawake arobaini, akarudi nyumbani ametota jasho. Tangu siku hiyo Abdulhakim hakulala. "Nimuoze kabla hajanivua nguo," akawa anasema. Na tajiri wake, Obeid, mwenye duka la saruji na mabati hapo Kisauni, mke mmoja Likoni na miaka arobaini na mitatu, akasikia, akasema yeye yuko tayari.

Nikahi ilikuwa iwe Ijumaa. Leo ni Jumanne.

"Hodi!"

Sauti ile Mahfoudha aliijua.

Bi. Noor akafungua, akamnong'oneza Obeid habari ya kiapo, na Obeid akaingia na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Nyuma yake mashahidi wawili. Nyuma yao Shekhe Famau, daftari la nikahi kwapani, miwani puani. Mlango ukafungwa tena, ufunguo ukarudi kifuani. Bi. Noor alikuwa ameshawasha chetezo, na moshi wa ubani ulikuwa umejaa sebule. Walikuwa wamepanga kila kitu.

"Mbona leo?" akauliza Shekhe, akiketi polepole. "Niliambiwa Ijumaa."

"Jambo la heri halingojewi, Shekhe," akajibu Abdulhakim.

Sasa huyu Shekhe Famau mjueni. Ni mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili, hata risiti ya dawa. Watu wenye haraka zao hawampendi. Obeid alimchukua kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na hilo ni kosa lake mwenyewe.

"Cheti cha kuzaliwa cha binti?"

"Hiki hapa."

Shekhe akasoma kwa sauti. "Mahfoudha Abdulhakim. Amezaliwa tarehe kumi na nne Novemba, mwaka elfu mbili na sita."

"Kumi na minane na ushee," akasema Obeid, akitabasamu.

Chumbani, nyuma ya pazia, alikosukumwa na shangazi yake, Mahfoudha alimgeukia mama yake. "Mama! Mimi ni wa elfu mbili na nane!"

Bi. Kafedha alimziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya iliki. Lakini macho yake yalikuwa yameganda ukutani. Alikuwa akiikumbuka fomu. Mwezi wa nne mumewe alimletea fomu na kidau cha wino, akamwambia, "Tia dole gumba hapa, ni ya basari ya mtoto." Alitia. Hakusoma, kwa kuwa hajui kusoma.

Shekhe akasogea hadi pembeni mwa pazia. Akakohoa kidogo.

"Binti, babako ataka kukuoza kwa Obeid, kwa mahari waliyopatana. Waridhia?"

Bi. Noor alikuwa ameketi kitandani, ubavuni mwa Mahfoudha, amemfinya paja. "Nyamaa," akanong'ona. "Kimya cha mwanamwali ndiyo jawabu."

Mahfoudha akavuta pumzi.

"Siridhii! Shekhe, sitaki! Sitaki kuolewa!"

Ukelele ulifika hadi nyumba ya tatu. Mashahidi wakatazamana. Na Abdulhakim, badala ya kukasirika, akacheka.

"Shekhe, mimi ni babake mzazi na yeye ni mwanamwali. Mimi ni wali mujbir, msimamizi asiyepingwa. Haki ya kumwoza ni yangu hata akilia damu. Kitabuni imo au haimo?"

"Imo kwa baadhi ya wanazuoni," akasema Shekhe, "na ina masharti yake. Wengine wasema bila ridhaa ya binti hapana nikahi. Mimi moyo wangu uko kwa hao."

"Hatukukuitia moyo wako, yakhe," akadakia Obeid. "Ukishindwa sema. Yuko mwingine Bamburi hana maswali."

Shekhe Famau akaitazama miguu yake. Aliwaza, na mimi sitamsingizia ushujaa asiokuwa nao, kwamba akiondoka, huyo wa Bamburi atakuja kabla ya Magharibi. Akiwa hapa angalau ataandika polepole. Akalifungua daftari. Akatoa kalamu.

"Jina la wali," akasema kwa sauti ndogo.

"Abdulhakim. Baba mzazi."

Kalamu ikaanza kukwaruza. Mahfoudha aliisikia pale alipo. Amesema la kwa kinywa chake, mbele ya shekhe na mashahidi, na la yake haikumsaidia kitu.

Hapo ndipo Bi. Kafedha alipoinama, akavuta kopo la biskuti kutoka mvunguni mwa kitanda.

Kopo lile lina kila karatasi iliyowahi kuingia nyumba ile. Asiyejua kusoma hatupi karatasi, maana hajui ipi ina roho yake. Risiti za stima, kadi ya kliniki, hata mabango ya uchaguzi. Alipokuwa akipekua, karatasi moja iliyokunjwa ikaanguka miguuni pa Mahfoudha.

Mahfoudha akaifunua. Ilikuwa fomu ya kuombea cheti, iliyoharibiwa ikatupwa. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, ule ule wenye mikia mirefu. Mwaka elfu mbili na nane umekatwa kwa mstari, na juu yake imeandikwa elfu mbili na sita.

"Mama, hii..."

"Rudisha koponi," akasema Kafedha bila kutazama. Alikuwa ameshapata anachokitaka, hati moja ya kijani yenye muhuri. Akajitanda kanga kichwani, akabeba kopo kwa mkono mmoja na hati kwa mkono wa pili, akatoka sebuleni mbele ya wanaume.

"Kafedha! Rudi ndani!" akafoka mumewe.

Hakurudi. Aliliweka kopo mezani, kando ya chetezo, akapiga magoti mbele ya Shekhe.

"Shikamoo, Shekhe."

"Marahaba, mama."

"Mie sikusoma. Nisomee tarehe ya hati hii. Tarehe tu, sitaki zaidi."

Shekhe akaipokea. "Hii ni hati ya nikahi. Abdulhakim na Kafedha. Tarehe kumi na tisa Januari, elfu mbili na nane."

"Siku zile za ghasia za uchaguzi," akasema Kafedha. "Njia zilikuwa zimefungwa. Shekhe aliyetuoza alikuja kwa miguu kutoka Mjambere. Wifi yangu Noor alipika pilau bila nyama kwa kuwa mabucha yote yalifungwa. Mtaa mzima wakumbuka."

"Pilau ile ilisemwa mwaka mzima," akasema shahidi mmoja, bila kuulizwa.

Shekhe Famau akaziweka karatasi mbili sambamba juu ya paja. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Halafu, kama kawaida yake, akarudia zote.

Akaiweka kalamu chini.

"Abdulhakim. Nikahi yako ni Januari elfu mbili na nane. Na binti huyu, kwa cheti ulichoniletea, kazaliwa miezi kumi na minne kabla ya nikahi."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kisheria hana nasaba nawe. Mtoto huwa wa mume akizaliwa miezi sita au zaidi baada ya nikahi. Huyu, kwa cheti chako, kazaliwa kabla hujaoa. Asiye na nasaba hawi wali. Si mujbir, si wa namna yoyote. Huwezi kumwoza."

Niwaambie ukweli, nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilicheka hadi nikapaliwa. Bwana huyu alitaka kumwongeza mwanawe miaka miwili tu. Hakukumbuka kwamba akimrudisha nyuma, atampitisha juu ya arusi yake mwenyewe! Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Abdulhakim haikutoka hata sebuleni.

Lakini Kafedha hakucheka. Yuko mbele ya wanaume watano, karatasi ikimwita mzinifu na mwanawe mtoto wa nje, na yeye mwaka huo wa sita alikuwa Kaloleni akiimba kwaya, hamjui Abdulhakim kwa sura wala kwa jina.

"Chagua," akasema Shekhe. "Ama cheti ni kweli, na binti si wako. Ama binti ni wako, na cheti ni uongo. Na kama ni uongo, ana miaka mingapi?"

Obeid akainuka. Huyu mtu si mjinga, msimdharau. Alimshika Abdulhakim bega, akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuogelea:

"Yakhe, usihangaike. Sema si wako. Basi. Asiye na wali, wali wake ni kadhi. Tutakwenda kwa kadhi na cheti cha miaka kumi na minane, binti atanyamaza, yatakwisha. Neno moja tu. Sema, 'Si wangu.'"

"Na binti atasemaje huko?" akauliza Shekhe.

"Atasema atakaloambiwa. Mamake yuko chini ya kiapo, au hamkuambiwa?"

Pazia likafunguka. Mahfoudha alikuwa amesimama pale, begi bado mgongoni. Abdulhakim alimtazama. Msichana ana kishimo kidevuni. Abdulhakim ana kishimo kidevuni. Aliyembeba siku ya kwanza, aliyemwadhinia sikioni, ni yeye.

"Sema, Abdulhakim," akahimiza Obeid. "Duka wanifungulia wewe, ufunguo uko kwako. Nataka uendelee kuwa nao."

"Baba," akasema Mahfoudha.

Ubani ukapasuka kwenye makaa.

"Ni wangu," akasema Abdulhakim. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Ni wangu mimi. Ana miaka kumi na sita."

Shekhe Famau akalifunga daftari. "Basi hapana nikahi. Daftari hili nimepewa kwa sheria. Chini ya miaka kumi na minane siandiki, na nikisikia kaandika mwingine, mimi ndiye shahidi wa kwanza."

Kafedha akapiga kigelegele. Kilimtoka tu, chembamba, cha furaha tupu, na Mahfoudha akamrukia shingoni, wakaanguka wote wawili kwenye kochi.

Nani aliyecheka sasa? Bi. Noor.

"Mwapigia kigelegele nini?" akauliza, akijipepea kwa ukingo wa leso. "Kiapo je?"

Kigelegele kikakatika.

"Kiapo gani?" akauliza Shekhe.

"Mwambie, ndugu yangu. Mwambie ulivyosema."

Abdulhakim akasema, kichwa chini. "Niliapa akivuka kizingiti hicho kabla sijamwoza, mamake ana talaka ya tatu." Halafu akainua macho, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. "Shekhe, naweza kukifuta?"

"Kwa madhehebu yetu," akajibu Shekhe, "talaka ya sharti ukishaitundika haishuki kwa majuto. Sharti likitimia, imepita."

Hesabuni nami. Hawezi kuozwa mpaka atimize miaka kumi na minane. Hawezi kuvuka mlango mpaka aozwe. Nyumba ina mlango mmoja.

"Mwaka mmoja na miezi mitano," akasema Bi. Noor, akihesabu kwa vidole, na sauti yake ilikuwa tamu. "Si kitu. Zamani tulitawishwa sisi, na hatukufa. Atawe ndani. Ajifunze kupika."

"Na shule?" akauliza Mahfoudha.

Obeid akaketi tena. Akakunja kanzu yake vizuri asiikalie. "Noor, nipe kahawa," akasema. "Mimi nitangoja. Mwaka na miezi mitano si mingi. Nitakuwa nikija kumjulia hali."

Wallahi, nimeandika visa vingi katika gazeti hili, vya majambazi na vya majini, na sijaandika sentensi iliyonitia baridi kama hiyo. Mahfoudha alizitazama kuta. Alitazama kalenda, vyuma vya dirisha, mkeka, kochi. Atavijua vyote kwa mwaka na miezi mitano, na kila wiki mtu huyu atakuja kunywa kahawa na kumwangalia akikua.

Bi. Kafedha alikuwa bado ameketi. Akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Shekhe," akasema, "nina swali."

"Uliza, mama."

"Akivuka, naachika mie. Yeye apata dhambi?"

"Hana dhambi."

"Nami je?"

"Huna, mama. Aliyetundika ndiye atakayeulizwa."

"Ahsante."

Akainuka. Akaingia chumbani, akatoka amevaa buibui na viatu. Akamwendea wifi yake.

"Noor, ufunguo."

"Sina ufunguo."

"Uko kifuani mwako."

"Thubutu!"

Akathubutu. Kafedha alitumbukiza mkono kifuani mwa Bi. Noor kama anayetafuta hamri lililozama kwenye mafuta, na Bi. Noor akapiga yowe, na mashahidi wakageuza nyuso kwa heshima, na ufunguo ukatoka. Ukaingia kitasani. Mlango ukafunguka, jua la Alasiri likaingia hadi katikati ya sebule.

"Mwanangu, haya."

Mahfoudha hakusogea.

Ndiyo, wasomaji wangu, yule yule aliyekuwa akikimbia sasa ndiye aliyeng'ang'ania kochi. "Sivuki, Mama. Sikuachishi mimi. Utakwenda wapi? Babu Kaloleni hakutaki."

"Kafedha," akasema Abdulhakim. "Tafadhali." Neno hilo mkewe hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Kafedha alisimama kidogo, kwa kweli alisimama, na machozi yakamlengalenga.

"Hiyo tafadhali, Baba Mahfoudha, ungeileta pamoja na ile fomu," akasema. Halafu akamgeukia binti yake. "Sikiza. Miaka kumi na saba nimekaa humu nikiogopa neno moja. Nikipika naogopa, nikilala naogopa, chumvi ikizidi naogopa. Neno lenyewe ndilo hili. Nikilikimbia, utafungwa wewe na nitafungwa na mie, na huyu bwana atakuja kunywa kahawa. Sitaki. Inua mguu."

"Mama..."

"Inua mguu, Mahfoudha. Mie siwezi kukuinulia."

Msichana akaenda mlangoni akilia, ameshikwa mkono. Akainua mguu wa kulia. Ukapita juu ya kizingiti. Ukakanyaga nje.

"Imepita," akasema Shekhe Famau, akavua miwani.

Abdulhakim akaketi sakafuni pale pale aliposimama.

Nje kulikuwa na jua na harufu ya viazi karai vya jirani, na Mahfoudha alihisi kama aliyeibuka majini. Na kule mwisho wa kichochoro, Mwalimu Valarie alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi, na nyuma yake afisa wa watoto na askari wawili!

"Mwalimu! Nimetoka! Mwalimu, hawakunioza!"

Valarie akamkumbatia. "Ulichelewa, nikajua kumeharibika, nikawaita."

Afisa alikuwa mwanamume wa bara, mwenye faili mkononi na uso wa kazi. "Nani hapa ni Kafedha Changawa?"

"Mie, baba."

"Mama, mwalimu alituletea ripoti wiki iliyopita, tukafuatilia. Cheti cha huyu mtoto kiliombwa mwezi wa nne. Aliyeapa kwamba mtoto alizaliwa elfu mbili na sita ni wewe." Akatoa nakala. "Hiki kidole ni chako?"

Kafedha akaiangalia ile alama nyeusi, mviringo mdogo wenye kovu la kisu katikati. Angeweza kukana. Hakuzoea.

"Ni changu."

"Basi utaenda na sisi. Kuapa uongo kuhusu umri wa mtoto ili aolewe ni kosa."

"Alidanganywa!" Mahfoudha alipiga kelele. "Hajui kusoma! Baba ndiye aliyeandika!"

"Kila mama anasema hivyo," akajibu afisa, wala hakusema kwa ubaya. "Kama kuna ushahidi, ulete. Mimi nimeona kidole, mwandiko umepigwa chapa."

Mtego wa panya, jamani. Huingia waliomo na wasiokuwamo. Mwalimu Valarie alikuwa ameshika kichwa. "Haki ya Mungu, Mahfoudha, sikujua ni yeye, sikujua..." Shekhe Famau alitoka mbio bila miwani, akawafuata askari kichochoroni akibishana nao, daftari likimponyoka kwapani. Valarie naye akakimbilia huko. Gari lilikuwa barabarani, injini inanguruma.

Mlangoni mwa gari, Kafedha aligeuka. Hakulia. Alipaza sauti kama anavyopaza asubuhi akiita wateja wa mbaazi.

"Kopo! Mwanangu, kopo langu!"

Mahfoudha akaelewa. Ile fomu iliyoharibiwa. Mwandiko wa mikia mirefu, nane imekatwa, sita juu yake. Aliishika kwa mikono yake mwenyewe, akairudisha mwenyewe.

Akageuka.

Mlango ulikuwa wazi. Bi. Noor alikuwa amesimama kando ya mwimo, ufunguo mkononi tena. Nyuma yake, mezani, kopo lilikuwa limefunuliwa. Abdulhakim alikuwa ameinuka. Fomu alikuwa nayo, ameikunjua, anausoma mwandiko wake mwenyewe, na mkono ulikuwa juu ya chetezo. Moshi wa ubani ulikuwa ukipita kwenye vidole vyake.

"Choma," akasema Obeid, kikombe cha kahawa mdomoni.

Abdulhakim akainua macho, akamwona binti yake pale kwenye jua kali. Hakuichoma. Hakuiondoa. Ncha ya karatasi ikaanza kuwa ya kahawia.

"Ingia, mwanangu," akasema Bi. Noor kwa upole, akisogea kumpisha. "Kizingiti hakina neno tena sasa."

Barabarani, gari likaondoka.

Mahfoudha akainua mguu.